Tetere Kichwani mwa Msimamizi

Kila asubuhi, akishafagia uani, mke wa Msimamizi alijaza maji kwenye mfuniko wa sufuria uliopinda, akauweka juu ya ukuta, akamwaga makombo ya mkate kando yake, kisha akaenda kusimama kwenye dirisha la jikoni. Shomoro walitangulia, maana shomoro hawana haya. Akafuata shorewanda, yule mwenye kishungi, aliyeoga kwa fujo na kuwarushia wenzake maji. Mwisho walikuja tetere wawili, dume na jike, ambao hawakugombania kitu bali waliokota kilichobaki. Mama huyu aliwapenda tetere kuliko ndege wote. Lakini ilikuwa hapo hapo Msimamizi anaamka na kuuliza, kwa sauti ya kuvuka mtaa, "Maji ya kuoga yako wapi?" na ukuta wote unabaki mtupu. Kwa miaka mingi mama aliwajua ndege wengi kwa mikia.

Msimamizi alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha mbao, ila sauti yake haikustaafu. Kule misumeno ilinguruma kutwa, na amri ilitakiwa isikike mpaka ukuta wa mwisho. Tena amri ikishatoka hairudishwi, kwa kuwa mtu akisikia "peleka" na papo hapo "ngoja", ndipo anapoweka mkono pasipowekwa mkono. Simama ni simama, peleka ni peleka. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri kiwandani, naye aliibeba mpaka nyumbani pamoja na buti zake.

Kwa kanuni hiyo hiyo alikuwa amemfukuza binti yao. Binti alikuwa muuguzi wa kiwanda. Siku msumeno ulipomkata mpasua mbao mmoja vidole viwili, yeye ndiye aliyemfunga bandeji, na yeye ndiye aliyesema mbele ya wakubwa kwamba baba yake aliamuru kinga ya msumeno itolewe ili kazi iende haraka. Msimamizi akasema mpasua mbao alikuwa mzembe. Wakubwa wakamsadiki mwenye sauti kubwa. Mpasua mbao akabaki mtaani bila kazi, na jioni ile binti akaambiwa asikanyage tena nyumbani mpaka baba mwenyewe atakaposema. Baba mwenyewe hakusema. Binti akaolewa, akazaa, na mama akawa anamwona mjukuu wake kwenye kona ya soko, haraka haraka, kama mtu anayenunua vitu vya magendo. Lililomkosesha mama usingizi ni hilo tu: kwamba mtoto yule angejua kusema "bibi" bila kujua nyumba ya bibi.

Mvua za kwanza zilipokatika kidogo, Msimamizi alisinzia alasiri kwenye benchi la uani. Nywele zake nyeupe zilikuwa nyingi na zimesimama kila upande, kwa sababu kinyozi wa mtaa alikuwa amechoka kufokewa. Tetere jike akatua kichwani, akajizungusha, akatulia. Dume akaanza kumletea vijiti, kimoja kimoja, naye akawa anavipanga.

Msimamizi alizinduka, akainua mkono. Mkewe akatoka jikoni, mikono ina povu.

"Mama, kuna nini kichwani kwangu?"

"Tetere. Wanajenga."

"Wamefika wapi?"

"Msingi wamemaliza."

Msimamizi akashusha mkono taratibu. "Kazi ikishaanza haisimamishwi katikati," akasema. Na kwa kuwa hiyo ilikuwa amri, haikurudishwa.

Mayai yalikuwa mawili, meupe. Tangu hapo Msimamizi alilala ameketi na alioga kuanzia shingoni kushuka chini. Jirani yao, fundi cherehani, alimshonea mto wa kuzunguka shingo ili kichwa kisiinamie upande akisinzia. Akamvalisha mwenyewe, akarudi nyuma kutazama kama umekaa sawa.

"Mzee, wenzako wote uzeeni wameambulia mvi," akasema. "Wewe umepata wapangaji."

Kiota cha tetere ni kazi ya mtu bahili: vijiti vichache tu, ukichungulia kwa chini unaona mbingu. Ndiyo maana siku Msimamizi alipofoka kwamba mboga haina chumvi, jike aliruka, na yai moja likabingirika mpaka ukingoni, likakwama juu kidogo ya sikio la kushoto. Mama alilirudisha kwa ncha ya kidole. Msimamizi alimeza mboga ile isiyo na chumvi, na alipozungumza tena alizungumza kwa sauti ya chini, laini, yenye mikwaruzo kidogo. Mama aliifahamu. Ndiyo iliyomposa. Alikuwa akidhani imekufa zamani. Akatafuta kigoda, akaketi.

Akaendelea kuketi hapo siku baada ya siku. Kwa mara ya kwanza aliwaona ndege wake kwa mbele. Aligundua kwamba shorewanda ana rangi ya manjano chini ya mkia, na kwamba shomoro mmoja ana mguu mbovu lakini ndiye mkorofi kuliko wote. Msimamizi, ambaye hakuweza kuona yaliyokuwa juu yake mwenyewe, alimtegemea yeye kwa habari.

"Nani yupo sasa?" alinong'ona.

"Dume. Mchana ni zamu yake."

"Na usiku?"

"Jike."

"Wanapeana zamu bila msimamizi?"

"Bila msimamizi."

Jani dogo la kijani lilichipua nyuma ya sikio lake la kulia. Mama alilimwagilia kila alipomwagilia maua.

Alipohakikisha kwamba utulivu ule si wa siku moja, alimpigia binti yake simu.

"Njoo nyumbani. Baba yako hawezi kupiga kelele."

"Anaumwa?"

"Ana mayai kichwani."

"Mangapi?"

"Mawili."

"Basi nakuja."

Binti alifika na mtoto kiunoni, akasimama mlangoni pa ua, pale pale alipokatazwa. Msimamizi alimwona. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, mishipa ya shingo ikasimama. Dume aliyekuwa zamu akafunua mbawa. Msimamizi akasita, kisha akaiachia pumzi yote ikatokea puani.

"Shikamoo, baba."

Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani. "Marahaba," akanong'ona.

Mama aliingia jikoni, akafunika uso kwa kanga, akalia machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo ambao alikuwa amesahau kuwa ameubeba.

Binti alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Mtoto akajifunza kutambaa kwenye ukumbi wa bibi yake. Siku moja, mtoto amelala, binti aliketi kwenye benchi kando ya baba yake.

"Baba, ile kinga ya msumeno, wewe ndiye uliyesema itolewe."

"Utawashtua ndege."

"Nasema polepole."

"Hata polepole," akasema Msimamizi.

Nje, kwenye njia, mpasua mbao alipita na mkono wa kulia mfukoni, kama alivyopita kila alasiri akitafuta kibarua. Binti alimtazama mpaka akapotea. Msimamizi hakuweza kugeuza shingo, na wakati ule jambo hilo lilimfaa.

Makinda waliota manyoya, wakapiga mbawa, wakaruka: wa kwanza mpaka kwenye kamba ya nguo, wa pili mpaka juu ya paa. Siku hiyo hiyo Msimamizi alijikung'uta vijiti, akang'oa lile jani, akavaa kofia. Kisha akasema kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, "Huyu nani kamruhusu aingie humu?" Shomoro wote wakaruka. Binti akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakuna aliyeshangaa. Mama aliuokota mfuniko wa sufuria uliokuwa umeanguka, akaanza kungoja mvua nyingine.

Mvua nyingine zilipokaribia, mama alimwona mumewe akienda uani na kuivua kofia.

"Jua kali," akasema Msimamizi.

Mbingu zilikuwa nyeusi kwa mawingu. Mama akaitikia kwamba kweli, jua la leo si mchezo. Tetere wakaja, wakajenga, na binti akaja na mtoto ambaye sasa alikuwa anatembea. Wakakaa wote kwa minong'ono mpaka makinda walipoondoka, kofia ikarudi kichwani, na binti akarudi kwake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mama alijiambia, na alipokuwa akijiambia hivyo hakuwa akijidanganya. Nyumba yenye watu msimu mmoja si sawa na nyumba isiyo na watu kabisa.

Mwaka wa tatu tetere walijenga kwa fundi cherehani.

Mama aliwaona vizuri kutoka dirishani: dume anachukua kijiti, anapita juu ya benchi bila kupunguza mwendo, anatua kwenye mfereji wa bati ukingoni mwa paa la jirani. Chini yao Msimamizi alikuwa ameketi tangu asubuhi, kichwa wazi, mto wake shingoni, mgongo umenyooka. Nywele zake hazikuwa na kitu. Alikaa hivyo mpaka mchana. Alikaa hivyo siku ya pili, na manyunyu yakamlowesha, hakuinuka. Mkewe alipompelekea chakula kisicho na chumvi, alikula chote.

"Nani yupo sasa?" akanong'ona.

Mama alikitazama kichwa kile kitupu. Alielewa kwamba kama angejibu vingine, kila kitu kingeishia hapo.

"Dume," akasema. "Mchana ni zamu yake."

Macho ya Msimamizi yalilowa kidogo, labda ni manyunyu. Mama akaenda ndani akampigia binti simu, akamwambia ndege wamerudi.

Binti aliingia uani, akamtazama baba yake, akautazama mfereji wa jirani, kisha akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Akauweka mkoba chini bila kishindo.

"Shikamoo, baba," akanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mtoto alimsogelea babu yake, akasimama juu ya benchi kuchungulia. "Babu, mbona hawapo?"

"Punguza sauti," akasema Msimamizi.

Mtoto akapunguza sauti. Wakati huo mpasua mbao alikuwa anapita njiani. Alisimama kwenye mlango wa ua, akamwona muuguzi aliyemfunga bandeji, akafurahi, akauinua juu ule mkono wake wenye vidole vitatu na kufungua kinywa ili asalimie. Msimamizi aliweka kidole midomoni, akamwomba kwa ishara anyamaze. Mpasua mbao akakitazama kichwa cha Msimamizi, akarudisha mkono mfukoni, akaendelea na safari yake. Binti aliinuka nusu, kisha akaketi.

Mama alitoka na sinia. Alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni, nyumba yake ina watu, na akamimina chai polepole sana, vikombe visije vikagongana.