Tarehe Kumi na Nne Machi

Kompyuta ya zamani ya dada yangu ilizimika Jumatatu na haikuwaka tena. Jumanne nikaitwa nikiwa bado na mswaki mdomoni: nije sasa hivi, na nisilete maneno yangu. Mimi nimefukuzwa kazi tatu za kompyuta na kupigwa shoti mara nyingi kuliko nilivyopandishwa cheo, kwa hiyo mashine hazinitishi. Dada yangu ananitisha.

Nilimkuta kwenye meza ya kukatia vitambaa, chaki imemjaa hadi viwikoni, anaikodolea macho kompyuta mpya. Kioo kilisema: *Cheti cha programu hii kimeisha muda. Mtengenezaji hajulikani. Imezuiwa.*

"Hajulikani?" akasema. "Nusu ya mtaa huu imevaa suruali alizochora yeye."

Yeye ni marehemu shemeji. Aliiandika programu ile kwa mikono yake, akaiweka kwenye tovuti ndogo ya duka: unaingiza kifua, kiuno na mkono, inakutolea mchoro wa kukatia nguo. Mimi mwenyewe kazi hii ya kompyuta nilifundishwa naye, kwenye meza hiyohiyo, kwa waya na matusi. Aliniita Profesa kwa sababu nilifeli mtihani mmoja mara mbili.

Cheti ni sahihi tu ya mwenye programu, ili kompyuta ijue inapokea kitu cha nani. Sahihi ya shemeji ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia yeye alikuwa amelazwa. Dada alimpigia simu, akamsomea onyo neno kwa neno. Shemeji akamwambia arudishe tarehe ya kompyuta hadi kumi na nne Machi, siku ambayo cheti kilikuwa bado kizima. Nikitoka, akasema, nitakutengenezea kingine.

Hakutoka.

Basi miaka sita, kila asubuhi, kabla hajatunga uzi kwenye sindano, dada alirudi kumi na nne Machi. Karatasi za wateja zote zilitoka na tarehe hiyo. Kuna mzee alikuja siku moja kudai kwamba suruali yake imechelewa miaka minne, na kwa karatasi aliyoshika alikuwa na haki. Nilimtania dada mpaka nikachoka, hakujali. Lakini kompyuta hii mpya huchukua tarehe kwenye mtandao. Akiirudisha nyuma, baada ya muda inarudi mbele yenyewe, kama mbuzi mkaidi.

Nikamweleza dawa yake: nitatengeneza cheti kipya, niitie programu sahihi upya, niirudishe kwenye tovuti. Akakunja futi kamba na kuikunjua.

"Na yale maneno yake?"

Nilijua anayosema. Programu ikifunguka humwamkia: *Mke wangu, miwani iko kichwani mwako.* Kila asubuhi, miaka sita, dada alipeleka mkono kichwani. Nikamwambia kweli kwamba tumbo la programu ile sijawahi kulifungua, sijui maneno yamekaa wapi.

"Basi usiiguse. Nitachora kwa mkono."

Nikatazama vidole vyake, vilivyovimba kwa kuchora tangu jana, na rundo la vitambaa lililomsubiri.

"Nitaanza na nakala, dada. Ya kwake sitaigusa. Hilo alinifundisha kwa kofi."

Akanivutia kiti.

Nikatoa diski kwenye kompyuta iliyokufa, nikafungua mafaili. Maneno niliyapata, ila hayakuwa sentensi moja. Zilikuwa mia tatu sitini na sita, kila tarehe na yake, hadi ishirini na tisa Februari. Nikajifanya napiga chafya. Mbele ya mwanamke mwenye mkasi ni heri mafua kuliko machozi.

Cheti kipya kikauliza jina la mwenye sahihi. Dada akataka niandike la mumewe. Nikamwambia kinataka mtu atakayejibu akiulizwa. Akajifuta chaki kwenye gauni, taratibu, mkono mmoja kisha wa pili.

"Andika langu. Wa kuulizwa nimebaki mimi."

Nikaandika, nikaiambia kompyuta iiamini sahihi hiyo, nikaipandisha programu kwenye tovuti. Nikaacha tarehe ilivyo, ya leo. Programu ikafunguka bila onyo lolote:

*Chai yako inapoa.*

Dada akageuka. Kikombe kilikuwa pembeni ya cherehani tangu nilipoingia, kimeshaota utando.

"Mwaka ule wa kwanza yalikuwa yanabadilika," akasema. "Nilikuwa nayapita mbio, nina nguo za watu."

Nikapeleka kidole kusogeza tarehe, tuone ya kesho. Akanichapa rula ya mbao.

"Acha, Profesa. Kesho nitafungua mwenyewe."

Akainywa chai yake ya baridi yote, kisha akavuta kitambaa cha kwanza, akainama kusoma vipimo, akakunja uso. Mkono ukaenda kichwani wenyewe. Miwani ilikuwepo.