Mkono Uliomo Kiwanjani

Asubuhi wapimaji walipofika kijijini, Bi Wanu alikuwa amekaa kitako barazani, akisuka ukili wa mkeka wa harusi ya binti yake, Mwanamkasi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Serikali ilitaka kupanua uwanja wa ndege, na mashamba ya mihogo yalikuwa yameshapigwa vigingi. Kamba ya kupimia ikapita juu ya bega la kushoto la Bi Wanu. Mpimaji aliomba radhi, akaandika, wakaenda zao.

Jioni mkono wake wa kushoto haukuwa na habari naye. Haukuuma. Ulikaa pajani kama mgeni anayengojea chai.

Jirani yake, Kificho, alikuja kumpa pole.

"Bora weye, Bi Wanu. Miye wamechukua mihogo yote. Weye wamekubakishia nusu."

Kulipokucha Bi Wanu alikwenda mjini, ofisi ya ramani. Karani aliyeitwa Dawood alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akafunua karatasi kubwa. Mstari mwekundu ulikata baraza, ukaingia begani.

"Mkono umo ndani ya kiwanja, Bi. Ni mali ya Serikali."

"Basi naomba kuuazima, mwanangu. Harusi Alhamisi, na ukili hausukwi kwa mkono mmoja."

Dawood alipekua faili. "Fomu ya kuazima shamba ipo. Ya mkono bado haijaletwa kutoka Ulaya."

Alimfungulia mlango, kwani mkono wa kulia wa Bi Wanu ulikuwa umebeba wa kushoto.

Nyumbani Mwanamkasi alikaa kushotoni kwa mama yake, akautoa mkono wake ufanye kazi ya ule wa Serikali. Bi harusi hasuki mkeka wake mwenyewe, lakini Alhamisi haikungoja. Walisuka hivyo siku tatu.

"Mama, unavuta mno."

"Weye ndiye unayelegeza."

Mkeka ulikwisha Alhamisi asubuhi. Alasiri bwana harusi alifika na jamaa zake kutoka Fumba. Mwanamkasi aliinama kumkumbatia mama yake. Ndege iliyokuwa ikileta wakubwa wa Serikali ikapita juu ya mapaa, na mkono wa kushoto wa Bi Wanu ukainuka wenyewe, ukaipungia. Alimkumbatia mwanawe kwa huo mwingine.

Mwanamkasi alingoja kidogo, labda mkono ungeshuka. Ndege ilikuwa bado inazunguka. Bwana harusi akasema Fumba ni mbali.

Njiani Mwanamkasi aligeuka mara moja. Mkono ulikuwa ungali unapunga, kiganja kimeelekea uwanjani.