Insha Safi Mno

...na safi mno, hapo ndipo roho yangu inapokataa, kurasa nzima za wazee wanaoishi peke yao mjini na hakuna hata koma iliyopotea njia, na kwenye skrini kidude cha kukagua kimepaka mistari yote rangi nyekundu, kinasema hii kaandika mashine, binti mwenyewe kakaa mbele yangu kaukumbatia mkoba, "Mwalimu, naapa ni mimi," nami kidole kiko juu ya kitufe, nikibonyeza tu jina lake linakwenda kwenye kamati ya nidhamu ya chuo, na kamati yetu haina huruma, watamfukuza, mwaka wa mwisho, basi tena... zamani sikuhitaji kidude, nilikuwa narudi nyumbani na furushi la karatasi za wanafunzi, marehemu mume wangu ananitania, "Haya, waume wenzangu wamefika," na kweli niliwajua mmoja mmoja, huyu anakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, yule hamalizi aya bila methali, nacheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yanachemka na kumwagika, jamani nimeyakosa makaratasi yale, nimewakosa watu waliokuwamo... "Mwalimu?" subiri, mwanangu, subiri... na profesa aliyetufundisha sisi, mzee yule mkorofi, hakuwa anauliza umeandika nini, alikuwa anauliza umefuta nini, maana aliyeiba hana alichofuta, mbona mimi nimekaa kuiamini rangi nyekundu kuliko mtu mzima aliye mbele yangu... "Ulifuta nini?" namwuliza, ananikodolea macho, nasema moyoni basi, nimemnasa, na hata sifurahi, halafu anainamisha kichwa, "Nilimfuta bibi. Nilianza naye, anavyombandikia babu maji ya kuoga kila asubuhi, na babu alishafariki. Ukasema darasani mambo ya nyumbani si utafiti, nikamtoa, nikabakiza takwimu"... maji ya kuoga, kila asubuhi, na nani atamwambia ayaepue... leo hii asubuhi, nyumbani, nimetoa vikombe viwili kabatini, nimeviweka mezani, nikasimama pale kama mjinga, nikarudisha kimoja, wala sijamwambia mtu... skrini bado nyekundu, kidole bado kiko pale pale, binti bado anasubiri, nami nataka kumwambia amrudishe bibi yake, amrudishe mwanzoni kabisa.