Mawe Meupe ya Nyamalele

Fundi wa miguu bandia alikuwa amepiga goti kwenye nyasi, nyuma ya turubai la wageni, akimfunga Evelina mikanda ya mguu mpya. Mguu wenyewe ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Haukufanana naye hata kidogo, lakini Evelina aliuchekea kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

"Simama kidogo. Unabana?"

"Haubani. Baba, nione!"

Machibya alimwona binti yake. Ratiba ya sherehe ilikuwa imetoka kusomwa kwenye spika: sala, hotuba, kisha "mwathirika wetu, binti Evelina Machibya, atakuwa wa kwanza kutembea juu ya ardhi iliyosafishwa, kutoka barabarani mpaka ziwani."

Ardhi yenyewe ni ule mteremko wa Nyamalele, mbele ya Ilemela, unaoshuka kati ya majabali hadi majini. Baada ya vita ya Kagera, wakubwa wa wakati ule waliamuru mabomu ya kutega yaliyobaki yafukiwe pale, wakaenda zao. Hata kibao hawakuacha. Miaka miwili iliyopita Dorotea, mke wa Machibya, alishusha jembe akitafuta pa kupanda viazi. Walichozika hakikujaza jeneza. Evelina, aliyekuwa nyuma ya mama yake akiokota magugu, alipona bila mguu wa kulia.

Ndipo mradi wa kutegua mabomu ukaja, na magari yake, na wafadhili wake. Wapekuzi wakapanga mawe: jekundu maana yake usikanyage, jeupe maana yake pamesafishwa. Walipofika kwenye mgunga mkubwa, katikati ya mteremko, wakapakia mashine zao wakaondoka. Fedha ya awamu ya pili, watu wakaambiwa, iko njiani. Ilikuwa njiani tangu Februari. Gari la mratibu halikukosa mafuta hata siku moja.

Juzi mratibu huyo, Venant, alimkabidhi Machibya ndoo ya rangi nyeupe na brashi. Mawe yote mekundu, kuanzia kwenye mgunga mpaka ziwani, yawe meupe. Machibya alipouliza, aliambiwa mguu wa binti unakuja na sherehe. Sherehe isipokuwepo, mguu unarudi Dar. Basi alipaka. Aliruka jiwe hadi jiwe, asiguse udongo, jasho likimchuruzika hadi kwenye ndoo. Alijiambia atawanong'oneza majirani wasilime kule chini. Kisha akabonyeza dole gumba kwenye fomu asiyoweza kuisoma. Habari ya kutembea hakuna aliyemwambia.

Sasa alimkuta Venant karibu na spika, amevaa fulana ya mradi.

"Bosi, kule chini ya mgunga hakujapekuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyepaka."

"Ehe. Wewe ndiye uliyepaka." Venant alitabasamu, akamshika bega kama ndugu. "Na fomu inayosema mkazi amehakikisha eneo lote ni salama, dole gumba ni la nani? Langu? Mzee wangu, ukipiga kelele hapa, polisi wataanza na nani?"

"Basi tembea wewe kwanza."

"Mimi? Mimi ni mtu wa ofisini, mzee."

Machibya alirudi nyuma ya turubai. Alimsubiri fundi aondoke, akainama kwenye sikio la binti yake.

"Eve, sema tumbo linakukata. Tuondoke."

"Baba, nimengoja miaka miwili."

"Kule chini hakujasafishwa. Yale mawe nimepaka mimi."

Tabasamu likamtoweka Evelina usoni. "Ulipaka kwa ajili ya nini?"

Machibya aliutazama mguu wa plastiki, na Evelina akautazama pia. Upande wa pili wa turubai, Bashiru, mshereheshaji, alikuwa anawachekesha wageni.

"Fomu ya kupokea mguu inasainiwa wapi?" Evelina akauliza.

"Kwenye meza. Kule ziwani. Usiposaini, wanaurudisha Dar."

"Basi sirudi kwenye magongo," alisema, polepole. "Baba, sirudi."

"Jamani, huyu hapa!" Bashiru akapaza sauti. "Na mzee wake, tazama, kachomekea kama bwana harusi! Makofi kwao!"

Machibya alitangulia. Wageni walibaki barabarani, nyuma ya kamba, wengine wakielekezwa kushuka kwa gari kupitia njia ya mwaloni, wanakoshushia samaki, ile iliyokuwa salama siku zote. Mpaka kwenye mgunga alitembea kama mtu. Baada ya mgunga, hatua zake zilifupika. Kwake kila kichuguu kilikuwa bomu. Kila jani lililokauka peke yake lilikuwa bomu. Alikuwa akishusha kisigino, anangoja, ndipo anaachia uzito.

"Kanyaga nilipokanyaga."

"Nakanyaga."

"Usiongee. Kanyaga."

"Mzee, changamka!" spika ikasema. "Unakwenda kama unaiba kuku!" Watu wakacheka. Machibya akasikia pumzi ya mwanawe mgongoni, fupi fupi, na mlio mdogo wa mkanda kila alipovuta mguu. Akamkumbuka Dorotea alivyoinua jembe, akalifukuza wazo hilo lisimtikise.

Halafu miguu yake ikaingia kwenye mchanga wenye maji. Mbele palikuwa na meza, kitambaa cha bluu, na Venant aliyeshuka kwa gari. Machibya alijishika kwenye ukingo wa meza ile, akatapika pembeni. Evelina alinyoosha mkono achukue kalamu.

"Bado kidogo," mpiga picha alisema, akikagua kamera yake. "Mzee alimziba binti njia nzima. Wafadhili wanataka mwathirika aonekane. Apande tena mpaka kwenye mgunga, ashuke peke yake. Na asipite pale pale, kuna kivuli. Apite huku, kwenye jua."

"Hapana," Machibya alisema. "Hapana, bwana, hapana."

Venant aliweka kiganja juu ya fomu. "Picha kwanza, binti." Mgambo wawili wakamshika Machibya mikono, kwa heshima, wakamwambia mzee apumzike, jua ni kali.

Evelina alisimama akiutazama mteremko. Kisha akaanza kupanda kwenye jua. Alitanguliza mguu wa plastiki, akaukandamiza ardhini, akangoja, ndipo akauvuta ule wa nyama mpaka alama ile ile. Akatanguliza tena wa plastiki. Kila hatua, wa plastiki kwanza.

"Tazameni alivyouzoea upesi," Bashiru aliwaambia wageni, na wageni wakapiga makofi.