Aliyeanza Kazi Mara Tano

Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba na bado anapiga pasi kwa kusimama. Tunafanya kazi chumba kimoja, katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, na kila nikimtazama alivyoegemea meza, damu ilinichemka. Mimi ndiye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mle ndani. Walinichagua kwa sababu siogopi kusema, si kwa sababu ya busara, na sikatai.

Sheria inasema ukitimiza miezi kumi na miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja, ukijifungua unapata likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara wako. Basi bosi wetu, hodari wa kukwepa, mtu akifika mwezi wa kumi na moja anampumzisha siku moja, kisha anamsainisha mkataba mpya. Siku moja tu, na kesho yake wewe ni mgeni, ndiyo kwanza unaanza. Wifi yangu alikuwa ameanza kazi mara tano bila kuondoka.

Mtoto wake wa kwanza alimwacha ana siku tisa akarudi kwenye pasi. Maziwa yalimlowesha blauzi, nikamfunga taulo kifuani ili watu wasimwone. Safari hii alinishika mkono akaniambia taratibu, “Wifi, siku tisa tena siziwezi.”

Nikampeleka kwa katibu wa chama, mzee mmoja anayeongea polepole mpaka unatamani kumsukuma. Lakini kazi yake anaijua. Chama kilikuwa kimehangaika miaka sita hadi sheria ikarekebishwa: mapumziko ya kwenye karatasi hayakatizi utumishi ikiwa siku hiyo mtu alikuwa kazini. Na sisi siku hiyo huwa tunaitwa kila mara, maana mashuka hayajui kupumzika. Kasoro ni kwamba siku hiyo haturuhusiwi kusaini daftari la mahudhurio. Katibu akatuambia tumletee karatasi yoyote yenye tarehe, hata iwe chafu.

Sasa, bosi wetu ana maradhi ya kuandika barua za onyo. Umechelewa dakika tano, barua. Umecheka kwa sauti, barua. Mimi ninazo thelathini na nne, nimetandikia droo za kabati. Wifi yangu, mtu wa utaratibu, zake amezipanga kwenye bahasha. Jumamosi tukazimwaga kitandani kwangu, mimi nazisoma kwa sauti ya bosi, yeye kashika mkataba wake wa mwisho, hacheki. Mara akaninyang'anya moja. Ilisema ameunguza shuka la hoteli “leo, tarehe tatu mwezi wa sita.” Mkataba mpya ulianza tarehe nne. Tarehe tatu ndiyo ilikuwa siku yake ya mapumziko!

Alicheka jamani, alicheka mpaka nikahofia atajifungulia palepale.

Katibu akapeleka malalamiko, tukaitwa mbele ya afisa kazi, mama mmoja wa miwani asiye na haraka. Bosi alikuja na tabasamu na faili nene, akaeleza kwamba huyu dada ana miezi saba tu kazini na kabla ya hapo mkataba ulikwisha, yeye anafuata sheria neno kwa neno. Katibu akasogeza ile barua mezani. Afisa aliisoma, akaigeuza, akautazama mhuri, akamuuliza bosi, “Mtu ambaye si mfanyakazi wako aliunguzaje shuka lako?”

Bosi akasema karani alikosea tarehe. Afisa akamwonyesha sahihi yake mwenyewe, na pembeni tarehe aliyoiandika kwa mkono. Nilifungua mdomo nimwongezee moja, katibu akanikanyaga mguu, nikaufunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yule alikuwa ameshafika chini, hakuhitaji kusukumwa.

Wifi akapewa likizo yake yote ya miezi mitatu, kwa maandishi. Wiki hiyohiyo wenzetu waliokuwa wakinikwepa nikitoa fomu za chama wakawa wananisimamisha mlangoni, kila mmoja na bahasha yake ya maonyo, na fomu zikaniishia siku ya pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, nimewaimbia wimbo huo miaka. Kumbe walikuwa wanasubiri waone chawa mmoja akivunjwa.

Alijifungua salama, msichana. Wiki ya kumi na moja ya likizo, saa ya chakula, simu yangu ikalia. Alikuwa wifi, anapumua kama aliyekimbia. Nikadhani mtoto anaumwa. Akaniambia ninyamaze nisikilize. Nikasikia kicheko kidogo cha kukatikakatika, kikasita, kikaanza tena. Nikawaita wenzangu, simu ikapita sikio hadi sikio, ikanirudia.

“Yule wa kwanza alicheka akiwa kwa jirani,” wifi akasema. “Mimi nilihadithiwa jioni. Huyu, wifi, amecheka ananitazama mimi.”

Nililia mbele ya watu wote, na wala sikujificha.