Cheti Kilichopigwa Plastiki

Hivi wewe ungeanzia kona gani? Hii ya juu karibu na nembo ya chuo, au hii ya chini karibu na sahihi ya mkuu wa chuo, sahihi ambayo hata haisomeki, imejikunja kama mnyoo, lakini bila huo mnyoo mimi si msomi, mimi ni mtu tu aliyeshika wembe mbele ya dirisha la wizara, na wembe wenyewe ni wa karani, ameupitisha kwenye kitundu cha kioo kwa ncha za vidole, akasema ondoa plastiki hapo hapo, kijana, muhuri unapigwa kwenye karatasi, na ili nisimbishie akakigeuza cheti mbele ya macho yangu, akagonga muhuri pembeni, ta, wino ukakaa juu ya plastiki kama umande, akaupitishia kidole gumba, ukafutika wote, akaninyooshea kidole cha buluu, unaona, haushiki, na kweli haushiki, sasa nibishane na kidole... nimesoma kemia mimi, najua kabisa gundi ya plastiki inafanya nini ikishapata moto, inaingia kwenye karatasi inakuwa kitu kimoja nayo, ukivuta plastiki unavuta na wino, unavuta jina langu na shahada yangu ya sayansi, yote yanatoka kama utando wa maziwa, hayo nayajua vizuri sana, nisichojua ni nifanye nini, yaani nina degree ya kujua kwa nini siwezi kuifungua degree, come on... na nyuma yangu kwenye benchi amekaa mhalifu mwenyewe, mama, mkoba mapajani, viatu vya kanisani, amevaa kama anakuja kunipokelea zawadi, ni yeye, kesho yake tu baada ya mahafali alikibeba bila kuniuliza, akakipeleka kwa fundi wa fotokopi, akarudi nacho kinang'aa, bado kina joto, akasema sasa mvua ije, mende waje, akakitundika juu ya televisheni, mahali ilipokuwa picha ya harusi, marehemu baba akahamishiwa chumbani kunipisha mimi, na kila mgeni akija hata kiti hajapewa anaulizwa, umeona?

Kaka, kata basi, wengine tumeomba ruhusa kazini, anasema dada mwenye miwani nyuma yangu kwenye foleni, una kazi, dada, hongera sana, hilo silisemi, nalimeza, kesho asubuhi nina miadi ubalozini, viza ya muda mrefu, miaka mitatu kwenye maabara ya kupima maji machafu, ndiyo, ya vyoo, nitapima vyoo vya watu nisiowajua na nitasema thank you, mkataba ninao, polisi wameandika kwamba mimi si mwizi, hospitali imeandika kwamba mapafu ni mazima, picha nimepiga bila kutabasamu kama walivyoagiza, hiyo haikuhitaji mazoezi, kimebaki hiki, ubalozi hautaki hata kukigusa kama nyuma hakina muhuri wa wizara, na miadi ikipita, nyingine ni mwakani, maabara haitaningoja mpaka mwakani, itachukua mtu mwingine, mtu ambaye mama yake hana mapenzi ya namna hii... nimeuliza kuhusu nakala, nakala iliyothibitishwa na wakili, karani akatikisa kichwa kabla sijamaliza, original, nikapiga simu chuoni hapa hapa dirishani, mama wa masijala akasema cheti hutolewa mara moja tu, kama kimepotea lete ripoti ya polisi tukupe kingine, nikamwambia hakijapotea, nimekishika, akasema sasa kama umekishika unataka nini, nikamwambia ninacho lakini hakifai, akashusha pumzi, akauliza taratibu kama anaongea na mlevi, kaka, cheti kipo au hakipo? naapa, mimi wa kuandika tasnifu, nikaanza kupiga hesabu, nikisema kipo hawanipi kingine, nikisema hakipo nimewadanganya polisi walewale walioandika juzi kwamba mimi ni mtu safi, akakata simu... kipo au hakipo, sijui, mama wa masijala, na mimi nipo au sipo, angalia kwenye mafaili yako.

Pasi, anasema mzee mwenye kofia, chukua pasi, weka kitambaa juu, plastiki italainika ivulike kama soksi, dada wa miwani anasema hapana, friji, kilaze kwenye friji plastiki iachie yenyewe, mzee anamwambia dada hicho si samaki, naye anamjibu, na wewe baba hilo si shati, watu wanacheka, foleni nzima inanicheka mimi, au inacheka samaki na shati, sijui tena, moto au baridi, kona ya juu au ya chini, nimeweka wembe kwenye nembo, nimeutoa, nimeuweka kwenye mnyoo, jasho limedondoka juu ya cheti na halikuacha hata alama, plastiki ni plastiki, mama alisema mvua ije... kijana, anasema karani, ukikata nipishe, usipokata nipishe, sasa hapo kuna tofauti gani, kwani nikikata ndiyo utanipenda, na nasikia viatu vya kanisani vinakuja, ko, ko, nikasema moyoni haya sasa, atalia, ataomba msamaha mbele ya watu hawa wote, na mimi ulimi wangu naujua, nitamjibu kitu ambacho sitakisahau, nimeshakiandaa, kiko hapa mdomoni, nani alikutuma, mama, nani alikutuma...

Hakulia. Amesimama ubavuni kwangu, amekitazama cheti, akafuta lile jasho kwa ncha ya kitenge chake. "Kata, baba," amesema. "Nilikipiga plastiki ili kisichakae wakati unangoja."

Wakati unangoja... kesho yake tu baada ya mahafali, joho sijarudisha, mimi niko kitandani nachagua kampuni gani nitaikubali kwanza, na yeye yuko kwa fundi wa fotokopi anakiandaa kwa kungoja, aliniangalia nikicheka na kofia yangu yenye kishada na akaona miaka yote hii inakuja, akakinunulia koti, maskini, si pambo lile, mimi nilidhani ni pambo, nilidhani ni ushamba... na nimekizungusha ofisi ngapi, hapana, kusema kweli sijakizungusha, hakijawahi kutoka ukutani, zilikuwa zinazunguka nakala, nakala kwa bahasha, nakala kwa imeili, acha nakala hapo, original utaleta tukikuita, regret to inform you, uzoefu miaka mitano, original utaleta tukikuita, na hawakuita, hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kuiona original isipokuwa mgeni anayesubiri kiti kwa mama, leo ndiyo mara ya kwanza serikali inataka kuishika kwa mkono wake, na inaitaka ili niondoke... basi hasira yangu nimeibeba kwa nani mpaka hapa, nimemkalia kimya mama yangu njia nzima, kumbe yeye peke yake ndiye aliyekitunza, kwa nini ni mimi niliyeshika wembe, kwa nini ni yeye anayesema kata, na karani anakuna sikio na kidole chake cha buluu, amejipaka, hajui, foleni iko palepale, cheti kizima hivyohivyo, wembe mkononi... hapana, si mkononi tena, nimeurudisha kwenye kitundu cha kioo, na cheti nimekisukuma nyuma yake, na lile jibu lililokuwa mdomoni nikalitafuta nikalikosa, limetoka jingine, kwa sauti iliyowafikia mpaka mzee wa pasi na dada wa friji.

"Afisa, mimi sikati na mama yangu hakati. Chuo ni chenu na muhuri ni wenu. Muite bosi wako aje ashike huo wembe, akate yeye, hapa, mbele ya mama. Na kikichanika mniandikie kingine leo hii, kabla hamjafunga dirisha."