Nozuko Alivyomkalisha Shahidi Wake

Mungu alimgawia Nozuko sauti mpaka ikamwagika, na ilipofika zamu ya subira inaelekea kibaba kilikuwa kitupu. Kanisani kwao Ngcobo, Afrika Kusini, hakuna aliyeanzisha wimbo kama yeye. Na kuanzisha wimbo kule si jambo dogo. Mtu akirefusha ushuhuda, hakuna anayemwambia akae chini. Huo ungekuwa utovu wa adabu. Mmoja anaanzisha wimbo tu, wengine wanaupokea, kimto cha ngozi kinapigwa badala ya ngoma, na msemaji anarudi kwenye benchi akicheka kwa lazima. Ni njia ya upole kabisa ya kumziba mtu mdomo, na Nozuko alikuwa bingwa wake. Aliwahi kumkalisha mhubiri mgeni hata Biblia hajaifungua.

Alhamisi hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: blauzi nyekundu ya umoja wa akina mama. Miaka miwili amekuwa mwanachama wa majaribio, akikaa nyuma na nguo zake za kawaida huku wenzake waking'ara kwa nyekundu, kola nyeupe na kofia nyeupe. Yake ilikwisha kushonwa, iko kabatini, na kuijaribu kabla ya kuvishwa ni mwiko. Kuvishwa ni Jumapili. Kilichobaki ni shahidi: mwanachama mmoja ambaye, katikati ya shuhuda za Alhamisi, atasimama kwa hiari yake aeleze mwenendo wa mwombaji, kisha mwishoni amtaje. Mwombaji haambiwi ni nani. Asiyepata shahidi anangoja mwaka mwingine.

Nozuko alijiambia anamjua wake. Ni mke wa mwalimu mkuu, rafiki yake, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka. Basi akamkazia macho amwone akisimama.

Aliyesimama ni MamTolo, jirani yake, mjane mwenye goti bovu, ambaye hajapata kufupisha jambo tangu azaliwe.

"Ndugu zangu," alisema MamTolo, "mwaka ule wa mvua ya mawe..."

"Weee! Katuanzia kwenye mvua ya mawe," Nozuko alimnong'oneza aliyekaa naye. "Leo tunalala hapa."

"Si ile iliyoua kondoo. Ile nyingine. Au ndiyo ile ile? Ngojeni..."

Nozuko hakungoja. Jua linashuka, maharage yake yako jikoni, na mke wa mwalimu mkuu hajapata nafasi. Akafungua kinywa. Wimbo ukapanda, akina mama wakaupokea, kimto kikadunda, benchi zikatikisika. MamTolo alibaki na kidole hewani, kisha akatabasamu, akajishika goti, akaketi.

Wimbo ulipokwisha, MaDlomo, kiongozi wao, alitazama huku na huku. "Yupo mwingine?"

Mke wa mwalimu mkuu alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba wake. Hakuinuka. Hakuinuka mtu.

"Kwa hiyo Nozuko hana shahidi," alisema MaDlomo kwa huzuni.

"Alikuwa naye," MamTolo alijibu kutoka kwenye benchi. "Kamkalisha."

Kanisa likaangua kicheko. Mama mmoja alificha uso ndani ya kofia, mabega yakimtetemeka. Nozuko alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sauti yake.

"Utaratibu wetu mnaujua," alisema MaDlomo, naye akijikaza asicheke. "Aliyekalishwa kwa wimbo hasemi tena siku hiyo, mpaka aombwe na aliyemkalisha."

Nozuko akaenda, akapiga magoti. "Mama, nakuomba, simama uendelee."

"Goti linauma."

"Basi sema ukiwa umekaa."

"Niendelee nilipoishia, au nianze upya?"

"Upya, mama," alisema Nozuko.

"Kwenye mvua ya mawe?"

"Kwenye mvua ya mawe."

MamTolo akajiweka vizuri. "Mabati yangu yalitoboka. Jirani yangu mmoja akaja na ngazi, akaziba matundu yote. Salamu hakunipa. Alivyokuwa akipiga nyundo, ungedhani lile bati ni mimi."

"Amina!" mtu aliitikia.

"Marehemu mume wangu alipolala kitandani, jirani huyo alituletea uji kila asubuhi. Sufuria anaitua mezani, puu! Mgonjwa anashtuka. Chakula kitamu, uso shubiri. Chakula tulikula, uso akarudi nao kwake."

Wimbo ulimpanda Nozuko kooni wenyewe. Akauzuia kwa meno.

"Kisha mbuzi wangu akarudi akichechemea. Ikasemwa ni mbwa. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona aliyerusha jiwe. Ni kweli mbuzi alikuwa amemaliza mchicha wa mtu huyo. Kesho yake uji ukaja kama kawaida, na mimi nikasema, Mungu akubariki, mwanangu."

 Aliyeapa kuwa ni mbwa ni Nozuko mwenyewe, tena mbele ya hawa hawa. Na baraka ile aliikumbuka vizuri. Aliipokea mgongo ukiwa umegeuka, asiitike. Mwaka mzima jirani alikuwa anajua, na mwaka mzima alikuwa akimbariki. Aibu ilimshika, akalia, wala si kile kilio chake kizuri cha kanisani.

"Nikamwambia Mungu," MamTolo aliendelea, "mikono ya huyu mtoto iliokoka zamani. Imebaki roho. Tumvishe tu, labda roho itaona haya iifuate mikono. Ni Nozuko. Nimemaliza."

"Hata baada ya leo?" aliuliza MaDlomo.

"Hasa baada ya leo."

"Bado, mama," alisema Nozuko, amemshika mkono. "Hujasema nani alirusha jiwe."

"Hilo nimekuachia wewe."

Blauzi alikwisha kuipata. Angeweza kunyamaza tu, na Jumapili akavaa. Akawageukia akina mama.

"Ni mimi," alisema.

"Paza sauti," alisema MamTolo. "Kule nyuma hawasikii."